Uzamili wa fiziotherapia kwa anayeanzia Uganda

Siku moja jioni, zamu ikiwa inaisha, kijana mmoja alinifuata hadi chumba chetu cha mazoezi hapa Arua akiwa ameshika bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na shahada ya baiolojia, nzuri tu, daraja la pili la juu. "Daktari," akaniambia, "nataka kusoma uzamili wa fiziotherapia, nikimaliza nianze kutibu watu." Nikamwuliza kama amesajiliwa na baraza lolote la afya. Akanyamaza. Tukaongea hadi mlinzi akaja kuuliza kama tunalala humo.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali lilelile na watu wengi: muuguzi wa Koboko, mwalimu wa michezo wa Bombo, dada mmoja Mkongo anayeishi Nakivale, na wanafunzi wangu wenyewe wa stashahada. Majibu hayafanani, kwa sababu kila mmoja ameanzia mahali pake. Haya ndiyo ninayowaambia, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angeniambia mimi.

Hatua ya 1: Jua umesimama mlango upi

Hapa Uganda, anayekupa ruhusa ya kumshika mgonjwa ni AHPC, baraza lililoundwa kwa sheria ya 1996, linalosajili watu wa fiziotherapia, maabara, mionzi na fani nyingine za jirani. Chuo kinakupa shahada, baraza linakupa namba ya usajili na leseni unayoihuisha kila mwaka. Unaweza kuwa na uzamili wenye jina tamu kabisa na bado usiruhusiwe kumnyoosha mtu goti.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote, jiweke katika moja ya makundi haya.

Kama tayari wewe ni mtaalamu wa fiziotherapia mwenye shahada ya kwanza, uzamili kwako ni wa kubobea: neva, watoto, mifupa na misuli, michezo, au afya ya jamii. Mlango uko wazi, kilichobaki ni kuchagua.

Kama una stashahada ya fiziotherapia, huwezi kuruka moja kwa moja hadi uzamili. Inakubidi upitie shahada ya kwanza. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, ambacho wengi tunakiita MUST, kinafundisha shahada hiyo kwa miaka minne, na wenye stashahada na uzoefu wa kazi wana njia yao ya kuombea. Najua inauma. Umefanya kazi miaka minane, umefundisha wanafunzi kutembeza wagonjwa kwa magongo, halafu unakaa darasani na mtoto aliyemaliza kidato cha sita juzi. Vumilia. Huyo mtoto atakusaidia takwimu, nawe utamsaidia wodini.

Kundi la tatu ndilo la yule kijana wa bahasha: una shahada ya kitu kingine, na unataka kuingia kwenye taaluma. Hapa nyumbani njia ya kuingilia ni stashahada ya miaka mitatu, kama ile inayofundishwa Mulago, au shahada ya kwanza. Uzamili wa kuingilia taaluma, yaani ule unaomchukua mtu wa baiolojia au sayansi ya michezo na kumtoa akiwa tabibu kamili, ni utaratibu wa nchi za mbali. Uingereza upo, kwa kawaida miaka miwili, ukiwa na takriban saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo hospitalini. Australia upo pia. Chuo Kikuu cha Melbourne, kwa mfano, kinatoa udaktari wa fiziotherapia wa miaka mitatu kwa waliokwisha kuwa na shahada nyingine. Marekani, tangu 2016, hakuna njia nyingine: programu zote za kuingilia taaluma ni za udaktari, huitwa DPT, na nyingi huchukua miaka mitatu. Wanapokea wenye shahada tofauti mradi wamesoma anatomia, fiziolojia, kemia, fizikia na takwimu.

Mtego uko kwenye majina. Chuo kimoja cha Uingereza kinaweza kuwa na uzamili aina mbili, mmoja wa kuingilia taaluma na mwingine wa wale waliokwisha sajiliwa, na kwenye tangazo zote zinasomeka fiziotherapia. Mawakala wa vyuo wanaokaa kwenye maghorofa ya Kampala hawakuelezi tofauti hiyo, pengine kwa sababu hawaijui. Wewe tafuta jambo moja tu: je, programu hii imeidhinishwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu Uingereza? Orodha yao iko wazi mtandaoni. Kwa Marekani tafuta jina CAPTE, chombo kinachoidhinisha programu za fiziotherapia huko. Ukikosa jina la programu kwenye orodha hizo, funga ukurasa, hata kama wakala amekununulia soda.

Hatua ya 2: Chagua eneo kwa kuangalia foleni yako

Watu wengi huchagua ubobezi kwa kusikiliza wapi pana pesa, na jibu huwa ni michezo. Sikatai. Lakini hesabu timu za Uganda zinazomlipa mtaalamu wa fiziotherapia mshahara wa kila mwezi, kisha hesabu wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje ya mlango wako asubuhi ya leo.

Benchi langu liko hivi. Vijana wa bodaboda waliovunjika paja au mfupa wa muundi, wameunganishwa vyuma, sasa goti halikunjiki. Wazee wa kiharusi, wengi hawakujua kabisa kama wana shinikizo la damu hadi mkono ulipoanguka. Akina mama wenye maumivu ya kiuno kutokana na jembe, madumu ya maji na mtoto mgongoni, vyote kwa siku moja. Watoto wenye mtindio wa ubongo, wanaoletwa na bibi zao kutoka mbali sana. Na watoto wa mguu kifundo.

Hawa wa mwisho ndio walionifundisha maana ya ubobezi. Mguu kifundo hutibiwa kwa njia ya Ponseti: plasta inabadilishwa kila wiki, mara nyingi tano hadi saba, kisha kwa watoto wengi ukano wa kisigino hukatwa kidogo, halafu vinakuja viatu vilivyounganishwa kwa ufito. Viatu hivyo huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baadaye usiku tu, hadi mtoto afike miaka minne au mitano. Plasta ni kazi ya wiki chache na matokeo unayaona kwa macho. Viatu ni kazi ya miaka, mtoto analia usiku, jirani anauliza mbona mnamfunga mtoto kama mbuzi, na baba anasema mguu si umeshanyooka? Huko ndiko mguu unakorudi kupinda. Mtu anayetaka swali la utafiti wa uzamili asihangaike, liko hapo kwenye viatu vya mtoto.

Kama hujawahi kuona kazi ya urekebishaji ikifanyika kwa kina, kabla ya kuomba chuo omba kwanza ruhusa ya kujifunza kwa wiki mbili mahali kama hospitali ya CoRSU pale Kisubi, barabara ya Entebbe, au Katalemwa huko Wakiso kwa upande wa watoto wenye ulemavu. Wiki mbili zitakuambia kama unaipenda kazi au unapenda neno uzamili.

Na usidharau njia ya pembeni. Wenzangu kadhaa hawakusoma uzamili wa fiziotherapia wenyewe. Walichukua afya ya jamii Makerere. Leo ndio wanaokaa kwenye vikao vinavyoamua kama kituo cha afya cha wilaya kitapata nafasi ya mtu wa fiziotherapia au la. Wengine huenda Afrika Kusini, kwenye vyuo kama Cape Town, Stellenbosch au Witwatersrand, ambako uzamili wa fani yenyewe umekuwepo muda mrefu na tasnifu zina uzito. Huko uzamili ni wa waliokwisha kuwa wataalamu. Mtu wa kundi la tatu asihangaike nao.

Hatua ya 3: Kagua ithibati kabla ya ada

Kwa chuo cha ndani, ingia kwenye orodha ya NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, utafute jina la programu yenyewe. Jina la chuo kuwepo haitoshi, kwa sababu kila programu ina tarehe yake ya mwisho. Mwaka 2023 kelele zilikuwa nyingi nchini baada ya kubainika kwamba programu nyingi za vyuo vyetu zilikuwa zimepitwa na tarehe ya kukaguliwa upya, na wahitimu wakaanza kuulizwa maswali na waajiri wa nje. Piga picha ya ukurasa huo siku unayoomba, uihifadhi.

Hatua ya 4: Nyaraka

Hapa sitakaa sana. Cheti cha shahada na nakala ya matokeo, vyeti vya UNEB vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha usajili wa AHPC na leseni ya mwaka huu, barua za wadhamini wawili au watatu, wasifu wako, na kitambulisho cha taifa au pasi ya kusafiria. Ada ya maombi kwa vyuo vya serikali hulipwa benki kwa PRN, yaani namba ya malipo. Mwaka wa masomo mara nyingi huanza Agosti na matangazo hutoka miezi kadhaa nyuma, kwa hiyo anayeanza kutafuta nyaraka Julai amechelewa.

Majina. Kama cheti kimoja kinasema Swaleh na kingine Saleh, rekebisha sasa hivi kwa kiapo cha mahakama. Watu wa kwetu West Nile na Bombo tunaumia sana na hili, kwani kila mwalimu aliandika jina kama alivyolisikia.

Barua ya mdhamini: usimwendee mkubwa wa hospitali ambaye hajui hata chumba chako kiko wapi. Mwendee aliyekuona ukifanya kazi, umpe tarehe na mifano ya kuandika.

Hatua ya 5: Pesa na ruhusa ya kazini

Kama umeajiriwa na wilaya, likizo ya masomo inaombwa kupitia afisa mtendaji mkuu wa wilaya, CAO, na kuamuliwa na tume ya utumishi ya wilaya. Uwe umethibitishwa kazini. Peleka ombi mapema na udai nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kuna ofisa mmoja, miaka ya nyuma, aliniambia kwa mdomo "nenda tu kaanze, barua itakufuata." Barua haikunifuata. Kilichonifuata ni notisi ya utoro kazini, na muhula wangu wa kwanza niliumaliza nikisafiri kila wiki mbili kwenda kujieleza.

Ufadhili wa Uingereza una jambo ambalo watu hawalisomi. Chevening inalipia uzamili wa miezi 9 hadi 12. Uzamili wa kuingilia taaluma ni wa miaka miwili. Kwa hiyo yule kijana wa baiolojia asipoteze muda wake huko. Lakini wewe uliyesajiliwa, mwenye shahada na saa 2,800 za kazi baada ya kuhitimu, uzamili wa mwaka mmoja wa kubobea unaingia vizuri kabisa. Maombi hufunguliwa karibu na Agosti na kufungwa karibu na Oktoba, na ukipewa unatakiwa urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unafaa pia, ukiwemo ule wa kusoma kwa masafa, ambao kwa mtu mwenye watoto na mkopo wa SACCO unaweza kuwa ndio wa busara zaidi.

Anayejilipia mwenyewe ahesabu vitu nje ya ada: nyumba, kupima kifua kikuu kabla ya viza ya Uingereza, mtihani wa Kiingereza, na mwezi mmoja au miwili ya kula kabla ya mambo kukaa sawa. Wewe ambaye tayari ni mtaalamu na unataka tu kufanya kazi Uingereza, huhitaji uzamili wa kuingilia taaluma. Unaomba usajili HCPC kwa shahada uliyo nayo. Ukitakiwa kuthibitisha Kiingereza kwa mtihani, kwa IELTS wanataka 7.0 kwa jumla na hakuna sehemu iliyo chini ya 6.5. Nimeona watu wakilipa mamilioni ya ada kutafuta kitu ambacho tayari walikuwa nacho nusu.

Hatua ya 6: Utafiti, ambako wengi hukwama

Masomo ya darasani utayamaliza. Wanaoishia njiani huishia kwenye tasnifu, na mara nyingi kosa lilifanyika kwenye ukurasa wa mbinu za utafiti kabla hata ya mgonjwa wa kwanza kuhojiwa.

Anza na idadi ya washiriki. Karibu kila tasnifu ya afya niliyoisoma Uganda ina fomula ya Leslie Kish ya 1965. Mwanafunzi asiyejua kiwango cha tatizo anaweka asilimia 50, kosa la asilimia 5, na inatoka 384. Namba hiyo naiona kila mwaka kama ndugu wa ukoo. Sasa nenda kwenye rejista yako. Kama unapata wagonjwa 20 wapya wa kiharusi kwa mwezi, 384 ni miezi 19 ya kukusanya data, na wewe umepewa minne. Lakini kama wagonjwa wote wa aina hiyo kwa mwaka ni 240 tu, fomula inaruhusu kurekebishwa kwa idadi ndogo: gawanya 383 kwa 240, jumlisha moja, kisha gawanya 384 kwa jibu hilo, unapata 148. Bado ni wengi kwa miezi minne. Punguza swali, ongeza hospitali ya pili, au geukia utafiti wa mahojiano ya kina, ambao hauhitaji mamia ya watu. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuipenda mada.

Kisha lugha. Fomu ya ridhaa na dodoso lazima viwe katika lugha anayoielewa mgonjwa, na kwa wodi yangu hiyo ina maana Kilugbara, Kakwa, na Kiswahili kwa wakimbizi wa Kongo, askari, Wanubi na madereva wa malori. Utaratibu ni kutafsiri, kumpa mtu mwingine asiyeona asili airudishe Kiingereza, kisha kulinganisha. Inaonekana rahisi hadi ufike kwenye maumivu. Dodoso la mgongo litauliza kuhusu maumivu ya aina fulani, na mgonjwa wako ana maneno yake: inachoma, inavuta, inawaka moto, inatekenya, inakaza, kuna ganzi. Mzee mmoja Mkongo aliniambia mguu wake "umekufa lakini unalia." Kwa mtaalamu wa neva sentensi hiyo ina maana kubwa kuliko kipimo cha moja hadi kumi. Iandike kama alivyosema.

Vipimo vya umbali pia vinaleta shida. WHODAS, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima ulemavu, linauliza kama unapata shida kutembea umbali mrefu kama kilomita moja. Mama wa kijijini hapimi kilomita. Anajua kutoka nyumbani hadi kisimani, au hadi kanisani. Katika majaribio ya dodoso, tafuta mahali ambapo ni kama kilomita moja, upataje kwa jina. Usibadilishe swali lenyewe kimyakimya. Eleza ulichofanya kwenye sura ya mbinu, mtahini atakupongeza badala ya kukukamata.

Baada ya hapo ndipo kamati ya maadili ya utafiti, moja kati ya zile zilizoidhinishwa na UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, kisha usajili wa utafiti UNCST kwenyewe, kisha barua ya ruhusa kutoka hospitali utakayokusanyia data. Usimhoji mtu hata mmoja kabla ya barua hizo zote kuwa mkononi. Data iliyokusanywa mapema haiokoki.

Msimamizi: chagua anayejibu ujumbe. Profesa mashuhuri anayesafiri kila mwezi atakupa jina zuri kwenye jalada na miezi sita ya kusubiri. Wangu wa kwanza alikuwa hivyo. Wa pili alikuwa mhadhiri kijana, anarudisha sura ndani ya wiki, kalamu nyekundu kila mstari, na nikamaliza.

Hatua ya 7: Ukisomea nje na kurudi

Shahada ya nje hupelekwa NCHE kulinganishwa na za hapa, halafu ndipo AHPC. Usiache hilo hadi siku ya kurudi. Ukiwa bado chuoni omba muhtasari wa kila somo na barua rasmi inayoorodhesha saa zako za mafunzo kwa vitendo, hospitali kwa hospitali, idara kwa idara. Ukishafika nyumbani, kumwandikia karani wa chuo aliye mbali ni sawa na kupiga kelele msituni. Na kwa wewe uliyekuwa umesajiliwa kabla ya kuondoka, usiache leseni ife ukiwa nje.

Yule kijana wa bahasha alipiga hesabu yake mwenyewe. Uingereza ilimshinda kwa pesa, akaomba shahada ya kwanza Mbarara, na sasa yuko mwaka wa pili. Juzi alinipigia simu akilalamika kwamba Kiswahili chake hakimsaidii wodini, wagonjwa wote wanamjibu Kinyankole, na ameshindwa kumwuliza bibi mmoja kama anasikia ganzi. Nikamwambia amwombe muuguzi wa zamu amfundishe maneno kumi kila siku. Akakubali, kisha akaomba nimtumie pimapembe yangu ya kupimia viungo. Nimempa ile ya plastiki kupitia dereva wa basi. Ya chuma bado naitumia.